Kisima na shamba lake

Huko Kua, kisiwani Juani, bado zimesimama kuta za misikiti, makaburi na jumba la watawala, tangu Wasakalava wa Madagaska walipouvamia mji huo mwanzoni mwa karne ya 19. Wageni huvutiwa na jumba. Mimi naomba tuitazame misikiti, kwani msikiti katika miji ya pwani haukukosa maji ya udhu, na maji hayo yalitaka mtunzaji.

Pwani yetu mtunzaji alipatikana kwa wakfu. Mtu akiuwekea msikiti wakfu wa shamba la minazi, shamba linafungwa: haliuzwi, halirithiwi, halitolewi zawadi. Nazi zinaangushwa, zinauzwa, na fedha zinanunua mikeka, mafuta ya taa, kamba na ndoo ya kisimani. Zanzibar serikali iliingia katika kusimamia wakfu tangu mwaka 1905, na leo ipo Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana.

Siku hizi misaada ya visima hutoka mbali. Islamic Relief ilianzishwa Birmingham mwaka 1984. Direct Aid ni matunda ya daktari wa Kuwait, Abdulrahman al-Sumait. Mashirika haya hukusanya zaka, yaani asilimia 2.5 ya akiba iliyofika nisabu, kiwango cha chini cha kutoa zaka, na kutimiza mwaka, pamoja na sadaka. Zaka ina mafungu manane yaliyotajwa katika Qur'ani, wakiwemo mafakiri na masikini. Kwa hiyo wanazuoni wengi hawaikubali kwa ujenzi, na kisima huchimbwa kwa sadaka.

Sadaka hiyo ni kheri kubwa. Ila inachimba, kisha inaondoka. Mpira wa ndani ya pampu ukichakaa, nani atanunua mwingine? Tena katika visiwa vya matumbawe maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza mwambani. Ukivuta kwa kasi, chumvi inapanda na kisima kinaharibika. Anatakiwa mtu wa kuyaonja na kuyapima mara kwa mara, naye ana watoto wa kulisha.

Sayyidna Othman bin Affan, swahaba wa Mtume, aliponunua kisima cha Ruma, Madina, alikiacha wakfu kwa Waislamu wote. Mfadhili wa leo anaweza kufuata njia hiyo kwa kuongeza kidogo tu: minazi kadhaa, au chumba cha duka sokoni, kodi yake iwe ya kisima. Wanakijiji wamchague msimamizi, hati iandikwe mbele ya mashahidi, na hesabu isomwe msikitini kila mwaka.