Hela za kuzungusha hazikupi mkopo wa nyumba

Swali lenyewe limeshanichosha: "Nizungushe shilingi ngapi kwenye akaunti, kwa miezi mingapi, ili benki inipitishie mkopo wa nyumba?" Hakuna kiasi, hakuna miezi. Usizungushe.

Muulizaji huwa kapewa dawa hiyo na dalali, au na mwenzake wa ofisini. Azima milioni tano kwa shemeji, weka leo, toa keshokutwa, weka tena. Baada ya miezi sita taarifa ya akaunti itasoma mamia ya milioni na ofisa mikopo atapigwa na butwaa. Hapigwi. Kazi yake ni kusoma taarifa hizo kutwa, na macho yake hayaendi kwenye jumla ya chini. Anaangalia nani kaweka, kwa ajili gani, na fedha imelala siku ngapi. Milioni tano iliyoingia Jumatatu ikatoka Jumatano kwenda kwa yuleyule aliyeileta, anaifuta. Anafuta na ulizojihamishia mwenyewe kutoka akaunti nyingine, na mkopo, na mgao wa kikoba. Kinachobaki ndicho kipato chako, kilekile ulichokuwa unakionea haya. Ulichoongeza ni maswali tu, na kwa mfanyabiashara la kwanza litauma: mbona mauzo yaliyopelekwa TRA hayafanani na haya?

Tuseme basi umefanikiwa kumhadaa. Mkopo wa shilingi milioni 60, kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio, kwa miaka 15, unadai marejesho ya takriban shilingi 881,000 kila mwezi, mara 180. Shemeji atakuazima hizo pia?

Mshahara nao una mpaka wake. Watumishi wa umma wanaijua kanuni ya moja ya tatu: theluthi ya mshahara lazima ibaki. Kodi na mfuko wa hifadhi ya jamii vinatangulia, na kama Bodi ya Mikopo inakudai, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka kabla benki haijanyoosha mkono.

Fanya haya. Maliza vimkopo vya simu, kwa sababu vinaonekana kwenye taarifa zako za mikopo. Kipato kikiwa kidogo, omba pamoja na mwenza, au chukua mkopo wa kumalizia ujenzi badala ya kununua nyumba nzima. Weka akiba ya mchango wako, maana ni nadra benki kulipa bei yote, na gharama za mwanasheria, bima na usajili wa rehani ni zako. Nyumba ikiwa ya familia, ridhaa ya mume au mke ni takwa la Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, usiende kuighushi. Na TMRC, ile kampuni ya fedha za mikopo ya nyumba mnayoniuliza ofisi zake ziko wapi, ilianzishwa 2010 kuzikopesha benki, wewe haikukopeshi.

Kabla ya yote, omba upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati. Mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa si hati, na benki haitaupokea kama rehani ya nyumba. Ada ya mthamini unalipa wewe, na mkopo ukikataliwa kwa kawaida hairudi.