KAZI YA MIKONO SI ADHABU

Katika shule nyingi za Kenya imekuwa desturi kwa miaka mingi kwamba mtoto aliyechelewa asubuhi, au aliyepiga kelele darasani, hupewa fyekeo akate nyasi, au jembe ang'oe kisiki. Jioni akirudi nyumbani husikia neno jingine: "Usiposoma utakuja kuchanganya saruji." Mwalimu hana nia mbaya, wala mzazi hana. Lakini mtoto amejifunza somo lisiloandikwa katika kitabu chochote, nalo ni kwamba kazi ya mikono ni adhabu ya mtu aliyeshindwa.

Somo hilo lina hasara kubwa kuliko zamani. Katika mtaala ulioanzishwa mwaka 2017, mwanafunzi wa Gredi ya 9, mwenye umri wa miaka 14 au 15, hutakiwa kuchagua mmoja katika mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Katika mkondo ule wa kwanza yamo pia masomo ya useremala, ujenzi, ufundi wa vyuma na umeme. Mtoto aliyefundishwa kuyadharau hayo atachagua akiwa amefumba macho, au baba yake atamchagulia.

Hofu ya Wazee

Hata hivyo, wazazi wasilaumiwe bure, kwa maana hofu yao ina asili yake. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika ya Mashariki, ikashauri kwamba elimu ya Waafrika ifuatane na maisha ya kijijini, yaani kilimo, afya na ufundi. Kwa maneno ushauri huo ulikuwa mwema. Lakini shule za siku zile zilitengwa kwa rangi, na wazee waliona kwa macho yao kwamba mtoto wa Mzungu hakuandaliwa kushika jembe. Waliona pia kwamba aliyejua Kiingereza na hesabu alipata kazi ya ukarani na mshahara wa kila mwezi. Hamu ya elimu ya kalamu ilikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya Wakikuyu wajenge shule zao za kujitegemea, ambazo nyingi zilifungwa na Serikali mwaka 1952. Basi mzee aliyemwambia mwanawe, "Shika kalamu," alikuwa na haki.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya liliuliza waendako watoto wamalizao shule ya msingi na kukosa nafasi ya sekondari. Kutokana na swali hilo vilianzishwa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo kwa Katiba ya mwaka 2010 viliwekwa chini ya serikali za kaunti. Mwaka 1985 mpango wa 8-4-4 uliingiza ufundi katika shule zote. Wazazi walitakiwa kujenga karakana, na mahali pengi vifaa havikutosha. Mtoto akakariri majina ya misumeno bila kushika hata mmoja. Fundisho la miaka ile ni wazi: ufundi haufundishwi kwa chaki peke yake.

Kona ya Nyumba

Wako wanaodhani kwamba fundi ni mtu asiyehitaji kusoma. Na wamtazame mwashi anapopima kona ya nyumba. Hupima futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili, kisha hutazama kama toka ncha moja hadi nyingine ni futi 5 kamili. Isipokuwa hivyo, kona imepinda, na ukuta utapinda nayo. Hiyo ndiyo kanuni ya Pythagoras ambayo mtoto huiandika darasani bila kujua kazi yake. Akiiona mara moja penye msingi wa nyumba hataisahau.

Samaki mkunje angali mbichi. Mzazi asingoje Gredi ya 9 ndipo aulize. Atazame mapema mtoto wake hupenda nini: kufungua redio iliyoharibika, kutunza kuku, kushona, kuchora, au kusimulia habari. Siku za likizo ampeleke kwa fundi anayejulikana kwa uaminifu, akatazame na kuuliza: Ulijifunza wapi? Kwa muda gani? Ni nini kinachokusumbua katika kazi hii? Aelezwe pia kwamba fundi aliyejifunza kazini aweza kufanya mtihani wa ufundi wa Serikali, daraja la tatu, la pili na la kwanza, akapata cheti chake. Msichana apelekwe kama mvulana, kwa maana waya wa umeme haujui aushikaye ni nani. Lakini kutazama kusigeuzwe kuwa ajira. Mtoto asiachwe penye mashine za hatari, wala asitumiwe kama kibarua asiye na malipo.

Haya hayana maana kwamba kila mtoto awe seremala. Apendaye vitabu na aendelee navyo. Neno kubwa ni kwamba achague baada ya kuona, wala asisukumwe na aibu ya baba wala na matokeo ya mtihani mmoja.

Dawa ya kwanza haihitaji fedha. Shule na iondoe jembe katika orodha ya adhabu. Siku mwalimu atakapompa mtoto jembe, amwonyeshe kwanza mbegu itakayopandwa, na wakati wa mavuno amwite aone alichokifanya.