Franklin Thompson: Askari wa Marekani aliyekuwa mwanamke kutoka Kanada

Tarehe 25 Mei mwaka 1861, wiki chache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuzuka nchini Marekani, kijana aliyejiita Franklin Thompson aliandikishwa katika kikosi cha 2 cha askari wa miguu cha Michigan. Jina lake halisi lilikuwa Sarah Emma Edmonds, msichana wa miaka 19 kutoka New Brunswick, Kanada, aliyekuwa ameikimbia nyumba ya baba yake na ndoa asiyoitaka.

Iliwezekanaje asitambuliwe? Jeshi lilihitaji watu kwa haraka, na ukaguzi wa afya ulikuwa wa juu juu. Waganga walitazama hasa meno, kwa kuwa baruti na risasi zilifungwa katika karatasi iliyoraruliwa kwa meno, na kidole cha kufyatulia bunduki. Kambini askari walilala na nguo zao, na wavulana wasioota ndevu walikuwa wengi. Isitoshe, Edmonds alikwisha kuzoea maisha ya kiume kwa kutembeza Biblia akiziuza. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba wanawake wapatao 400 walishiriki vita hivyo kwa sura ya wanaume.

Thompson aliuguza majeruhi, kisha akawa tarishi wa barua za kikosi. Katika kitabu chake alisimulia pia visa vya ujasusi nyuma ya safu za adui. Hivyo ni vyema vipokelewe kwa tahadhari.

Kilichomwondoa jeshini hakikuwa risasi bali malaria. Kulazwa hospitalini kungefichua siri yake, naye mnamo Aprili 1863, kikosi kikiwa Kentucky, akaondoka bila ruhusa. Daftari la jeshi likamwandika Thompson kuwa mtoro, kosa ambalo adhabu yake ingeweza kuwa kifo. Edmonds akarejea katika mavazi ya kike na kuendelea kuuguza askari. Mwaka 1867 aliolewa na Linus Seelye, seremala aliyetoka New Brunswick kama yeye.

Baadaye, afya yake ilipodhoofika, aliamua kudai pensheni. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa: aliyetumikia alikuwa Thompson, na Thompson alikuwa mtoro. Ilimpasa kuifichua mwenyewe siri aliyokuwa ameilinda kwa kuhatarisha maisha. Waliopigana naye bega kwa bega walitoa ushahidi kwamba Bi. Seelye na Thompson ni mtu mmoja, na kwamba alikuwa askari hodari. Mwaka 1884 Bunge la Marekani lilipitisha sheria mahususi ya kumpa dola 12 kwa mwezi. Miaka miwili baadaye shtaka la utoro likafutwa.

Mwaka 1897 alipokelewa katika Grand Army of the Republic, chama cha askari wa zamani wa upande wa kaskazini. Alifariki dunia Texas mwaka uliofuata.