Hekaya Tamu Haina Bara wala Pwani

Wako wazazi ambao wakimwona kijana amejiinamia juu ya kitabu cha hekaya, chenye majini na miji ya ajabu, huguna. Humwambia aache upuzi, ashike kitabu cha masomo. Nia yao ni njema, kwani mtihani hauna huruma. Lakini hekaya nyepesi, ile imchekeshayo msomaji na kumtia hofu kidogo, ina kazi yake. Asiyeionja ujanani mara nyingi hukua akikikimbia kila kitabu.

Tutwae Adili na Nduguze, kitabu cha marehemu Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952. Wengi wetu tumezoea kumtaja bingwa huyo wa Tanga kwa uso uliokunjwa, kana kwamba kila alichoandika ni waadhi. Kitabu hiki ni chembamba, na kijana hukimaliza kwa siku mbili. Mfalme Rai apata habari kwamba Adili, anayemtawalia mji wa Janibu, ana manyani wawili ambao huwapiga kila usiku. Imekuwaje mtu mwema kama yule awatese wanyama? Swali hilo moja latosha kumfanya msomaji asahau hata chakula.

Jibu lake ni safari ya baharini. Manyani wale ni ndugu zake khasa, Hasidi na Mwivu. Adili aliwaokota katika ufukara, akawapa mali, akasafiri nao. Katika safari hiyo aliingia mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe, akamkuta humo binti mmoja aliye hai, jina lake Mwelekevu. Ndugu zake wakaingiwa na kijicho, wakamtosa baharini usiku. Aliyemwokoa ni Huria, binti wa kijini ambaye siku za nyuma Adili alimhami alipokuwa katika umbo la nyoka. Huria ndiye aliyewageuza wale wawili manyani na kumwamuru Adili awapige. Mwishowe husamehewa na kurudishiwa ubinadamu wao.

Aliyesoma Alfu Lela Ulela atakitambua kisa hiki, kwani asili yake imo humo. Lakini Shaaban Robert alikivika kanzu ya Kiswahili, na majina yenyewe yanatosha kumfundisha mtoto nani ni nani bila ya kuhubiriwa. Mafunzo yamo, ila yamo kama sukari ndani ya chai: huyaoni, wayaonja tu.

Na kicheko je? Hicho tulikuwa nacho zamani. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hadithi alizozikusanya Unguja, na mojawapo ni ya Sultani Majnuni. Paka wake alikula mifugo, na kila mara Sultani akasema mwacheni, paka wangu na mali yangu. Hata alipokula watoto wa Sultani, ndipo ilipojulikana kuwa yule si paka tena, ni nunda. Mtoto mdogo wa mwisho akatoka kwenda kumsaka. Akaleta mbwa, mama akamwambia siye. Akaleta punda milia, siye. Twiga, siye. Akapanda hivyo hivyo hata kwa ndovu, mpaka siku alipompata nunda mwenyewe. Watoto waliocheka kila mama alipokataa walikuwa wakijifunza saburi pasipo kujua.

Pengine msomaji atadhani kwamba mambo haya ni ya watu wa bahari peke yetu. Haifai kudhani hivyo. Panda bara mpaka Bungoma, chini ya Mlima Elgon, ukawasikilize wazee wa Kibukusu. Watakusimulia habari za Mango na joka lililokaa pangoni, likamaliza watu na mifugo. Wengine walikata tamaa. Mango akachukua silaha zake akaenda peke yake, akaliua. Husemwa kwamba kwa ushujaa huo ndipo alipostahili kutahiriwa, na desturi ikaendelea. Hata leo, katika mwezi wa Agosti wa miaka ya shufwa, vijana wa Bungoma na wa mashamba ya karibu na Kitale huingia jandoni, na jina la Mango halijasahauliwa. Weka nunda wetu kando ya joka lao, utaona kwamba ni hekaya mbili za ukoo mmoja.

Kiswahili kilifika pande hizo kwa miguu ya wapagazi, wakati misafara ya pwani ilipokuwa ikienda Mumias kwa Nabongo Mumia. Kisha reli ikafika Kitale mwaka 1926, na shule zikaongezeka. Mtoto wa huko akapata hekaya mbili: ya nyanya yake motoni, kwa lugha ya mama, na ya kitabuni, kwa Kiswahili.

Matunda yake tumeyaona. Marehemu Ken Walibora alizaliwa Bungoma, akakulia pande za Kitale. Mwaka 1996 alitoa riwaya ya Siku Njema, na angalia alipoianzia: Tanga, mji ule ule wa Shaaban Robert! Kijana Kongowea, mwana wa mwimbaji wa taarabu, afiwa na mama, ateswa na jamaa, kisha ashika njia kumtafuta baba. Safari yake yapita Mombasa na kumfikisha Kitale. Humu hamna jini wala mji wa mawe. Lakini mkondo ni ule ule wa hekaya: yatima, mlezi mkali, njia ndefu, na hazina mwisho wake. Hata jina la Kongowea ni jina la kale la Mombasa. Mwaka 2001 akatoa Ndoto ya Amerika, kisa cha vijana wawili wanaotoroka makwao wakitaka kufika Amerika, na msomaji hucheka huku akiwahurumia.

Siku Njema iliwekwa katika mitihani ya Kenya, nayo ni heshima kubwa. Walakini wengi walioisoma darasani waliendelea kuipenda baada ya mtihani kwisha, na hicho ndicho kipimo cha kitabu. Walibora alipofariki Nairobi mwezi wa Aprili 2020, waliomlilia walikuwa wa bara na wa pwani pia.

Basi sisi wa pwani tujiulize. Lugha tumezaliwa nayo, na hekaya tumerithi, lakini katika nyumba zetu kitabu cha hadithi ki wapi? Wako wanaohofia kwamba majini ya vitabuni yataharibu imani ya mtoto. Mtoto aliyefunzwa dini yake vizuri chuoni hajui kuchanganya kisa na ilimu. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina saa yake.

Likizo ijayo, mzazi, mnunulie mwanao kitabu kimoja cha safari na maajabu. Usimwulize maswali akimaliza. Mwache akusimulie mwenyewe. Mwenye Kitale amekwisha kujichotea katika kisima hiki, naye akatuletea maji. Itakuwa aibu sisi tulio ukingoni kufa na kiu.