Akiba Inapokatikia Njiani
Diski ya nje ikigoma wakati wa kuhifadhi nakala, subira ndiyo dawa ya kwanza

Jioni ya Jumamosi, kazi za nyumba zikiwa zimekwisha na watoto wamelala, mama anaketi mbele ya kompyuta. Mumewe yuko kazini mbali, na kabla ya kuondoka aliacha agizo moja: picha zote za familia, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi za kiwanja ziwekewe nakala katika diski ya nje, ili kompyuta ikiharibika au ikiibiwa pasiwe na hasara. Mama anachomeka waya, anaanzisha kazi, na mstari wa kijani unaanza kusogea. Unafika robo, unafika nusu. Mara unasimama. Maandishi yanatokea kwamba chombo hakionekani na kazi imeshindikana. Anajaribu tena, safari hii mstari unasimama mapema zaidi.

Tatizo hili limeingia katika nyumba nyingi. Linalosikitisha ni kwamba hasara kubwa aghalabu haitokani na hitilafu yenyewe, bali na yale ambayo mtu huyatenda katika nusu saa inayofuata. Mmoja huchomoa na kuchomeka waya kwa hasira. Mwingine huipiga diski kwa kiganja kama redio ya zamani. Wa tatu huulizwa na mashine kama anataka diski ifomatiwe, naye hukubali, asijue kwamba kufomati ni kufuta. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya diski huoza, tena huoza kimya kimya, na mwenye nayo hana budi kuikagua kama mkulima akaguavyo ghala lake.

Chombo chenyewe

Diski ya kwanza ya kompyuta ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, na uzito wake ulikaribia tani moja. Hata hivyo ilihifadhi herufi milioni 5 tu, nafasi ambayo leo hujazwa na picha moja au mbili za simu. Diski ya sasa hutosha kiganjani, lakini nyingi bado hufanya kazi kwa njia ile ile: ndani yake mna sahani zinazozunguka, na mkono mdogo wenye kichwa cha kusomea na kuandikia. Diski nyingi za kubebwa huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa kila sekunde. Kichwa hicho huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo mno, hata unywele wa mtu ni mnene kuliko nafasi hiyo mara elfu nyingi.

Kwa hiyo ni rahisi kufahamu kwa nini diski inayofungua picha moja moja bila taabu hushindwa wakati wa kuhifadhi nakala. Kufungua picha ni kazi ya sekunde chache. Kuhifadhi nakala za nyumba nzima ni safari ya saa nyingi isiyo na kituo. Umeme hutakiwa mfululizo, joto hupanda, na kila sehemu ya diski huguswa. Udhaifu uliojificha kwa muda mrefu hutokea hapo, kama vile mguu mbovu wa askari unavyojulikana katika mwendo mrefu, si katika gwaride.

Kabla ya kugusa chochote

Swali la kwanza ni hili: je, vitu vyenyewe bado vimo katika kompyuta? Kama vimo, hakuna msiba. Lililo muhimu ni kutofuta hata kimoja mpaka nakala nzuri ipatikane. Lakini kama vilikwisha futwa katika kompyuta ili kupunguza msongamano, na diski ya nje ndiyo pekee inayovishika, basi hiyo si akiba tena. Hiyo ndiyo mali yenyewe. Hapo kazi ya kuandika vitu vipya yapasa isimamishwe mara moja. Maadamu diski bado inasomeka, vilivyo muhimu zaidi vitolewe kwanza na kupelekwa mahali pengine. Kutengeneza kuje baadaye.

Swali la pili ni kazi ilikatikia wapi. Daftari na kalamu vinatosha: saa iliyoanza, saa iliyokatika, jina la faili lililokuwa likipita, na maneno yaliyotokea kiooni. Kituo cha polisi huandika kila tukio kwa saa yake, kwa maana kumbukumbu ya kichwani hudanganya. Majaribio matatu yakiandikwa hivyo, mara nyingi daftari lenyewe litaonyesha mkosaji.

Umeme na waya

Uchunguzi huanzia kwenye kitu cha bei ndogo. Waya wa diski hukunjwa, hukanyagwa, na huvutwa na watoto. Nyuzi za ndani hukatika nusu, na nje usionekane na kasoro. Waya wa namna hiyo huweza kupitisha umeme wa kuiamsha diski, lakini ukatetereka kazi inapokuwa ndefu. Dalili yake ni kwamba kazi hukatika kila mara mahali tofauti, na diski hutoweka kabisa kiooni kisha hurudi. Basi waya ubadilishwe kwanza, na uwe mfupi, kwa maana waya mrefu hupoteza nguvu njiani.

Likifuata ni tundu la kuchomekea. Diski ndogo ya kubebwa hupata umeme wake kutoka katika kompyuta yenyewe. Tundu la USB la aina ya 2.0 limekusudiwa kutoa miliampea 500, na la aina ya 3.0 miliampea 900. Diski inayohitaji zaidi ya kile inachopewa husinzia kama taa ya betri iliyokwisha. Kifaa cha kugawa tundu moja kuwa manne huongeza taabu, kwa kuwa kipanya, simu na diski hugombea umeme mmoja. Labda kiwe na adapta yake ya ukutani. Yafaa diski ichomekwe moja kwa moja katika kompyuta, na kwa kompyuta ya mezani, katika matundu ya nyuma. Diski kubwa yenye adapta yake nayo ichunguzwe adapta hiyo kabla ya diski kulaumiwa.

Kanuni moja isisahauliwe: kibadilishwe kitu kimoja tu kwa kila jaribio. Anayebadilisha waya, tundu na programu kwa pamoja huweza kupona asijue alikuwa akiugua nini.

Usingizi, joto na nafasi

Kompyuta nyingi zimepangwa kulala zisipoguswa kwa dakika kadhaa, na nyingine huyanyima umeme matundu ya USB ili kuokoa betri. Mama anayeanzisha kazi na kwenda jikoni, akirudi akakuta imekatika, huenda hana ubovu wowote isipokuwa mpangilio huo. Katika sehemu ya kompyuta inayohusu umeme, usingizi uzuiwe mpaka kazi iishe, na kompyuta ya mapajani iwe imechomekwa ukutani. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, betri ya kompyuta iwe imejaa kabla ya kuanza.

Joto nalo ni adui. Diski iliyolazwa juu ya blanketi au kufunikwa na kitambaa cha mezani haina pa kupumulia. Ikae juu ya meza ngumu, mahali patulivu, na isisogezwe wakati inazunguka.

Kisha huja suala la nafasi. Diski iliyojaa haiongezeki kwa kusukumwa. Lakini kuna jambo jingine linalowachanganya wengi: diski ina nafasi tele, picha zote zinapita, ila filamu ya harusi hukataliwa kila mara. Hiyo ni dalili ya mpangilio wa zamani uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia gigabaiti 4. Mpangilio wa exFAT au NTFS hauna kikwazo hicho. Kuubadilisha kwa kawaida humaanisha kufomati, kwa hiyo ni lazima vilivyomo vihamishwe kwanza.

Ziko pia diski ambazo mistari yake ya maandishi imelaliana kama vigae vya paa ili kuokoa nafasi. Hizo huanza kwa kasi, na baada ya kuandika kwa muda mrefu huzorota sana. Kuzorota si kufa. Kazi ikigawanywa mafungu, picha za mwaka huu leo na za mwaka jana kesho, mara nyingi hufika salama.

Mgonjwa ni nani?

Ikiwa daftari linaonyesha kwamba kazi hukatika daima kwenye faili lile lile dogo, na waya, tundu na usingizi vimekwisha kuangaliwa, basi yapasa kuuliza jambo ambalo wengi hawalifikirii: labda diski ya nje ni nzima, na mgonjwa ni kompyuta. Ili kuandika nakala, kompyuta hulazimika kusoma kila faili, hata yale yasiyofunguliwa kwa miaka mitano. Ikifika kwenye sehemu yake iliyoharibika, hukwama, na lawama humwangukia mgeni. Jaribio lake ni jepesi: faili hilo lijaribiwe kunakiliwa kutoka sehemu moja ya kompyuta hadi nyingine, diski ya nje ikiwa imechomolewa. Likikataa hapo pia, diski ya ndani ndiyo yenye hatari, na kazi ya kuokoa vilivyobaki isingoje mwisho wa mwezi.

Ikiwa mgonjwa ni diski ya nje, hujulikana kwa dalili zake. Sauti ya kugonga-gonga inayojirudia ni kichwa kinachotafuta njia kisiione. Diski yenye sauti hiyo izimwe, kwa maana kila dakika ya kuzunguka huweza kuongeza majeraha. Diski zisizo na sahani, ambazo hazitoi sauti, huweza kufa bila kubisha hodi. Diski nyingi pia huweka hesabu ya afya yake iitwayo SMART, nayo husomwa kwa programu zisizolipiwa kama CrystalDiskInfo. Hesabu ya sehemu mbovu zilizohamishwa, na ya zile zinazongojea kuhamishwa, zikiwa zinapanda wiki hata wiki, diski hiyo isikabidhiwe tena kitu chochote cha thamani.

Katika Windows iko amri ya kukagua na kurekebisha diski iitwayo chkdsk. Ni nzuri kwa diski nzima iliyochomolewa vibaya. Kwa diski inayokufa, ukaguzi wa kuipitia yote huweza kuwa pigo la mwisho. Kwanza kuokoa, kisha kukagua. Na kamwe diski isifunguliwe mezani kwa bisibisi, kwa kuwa chembe moja ya vumbi ni jabali mbele ya kichwa kile. Ikihitaji fundi, apelekewe fundi wa kuaminika, na mwenye diski akumbuke kwamba anampa mtu mwingine picha na siri za nyumba yake. Hati za kazi ya ulinzi hazina nafasi katika diski ya familia tangu mwanzo.

Fundisho la mwaka 1998

Hata wakubwa wamepatwa. Mwaka 1998, katika kampuni ya Pixar huko California, Marekani, filamu ya katuni iitwayo Toy Story 2 ilikuwa ikitengenezwa. Amri ya kufuta ilitolewa kwa makosa katika ghala la kompyuta, na kazi ya watu wengi ikaanza kutoweka. Walipokimbilia akiba yao, waligundua kwamba uhifadhi wa nakala ulikuwa haufanyi kazi ipasavyo, na hakuna aliyekuwa ametambua. Aliyewaokoa ni mama mmoja, Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa ufundi wa filamu hiyo. Kwa kuwa alikuwa amejifungua, alikuwa akifanyia kazi nyumbani, na nakala ya filamu ilikuwamo katika kompyuta yake. Kompyuta hiyo ilifungwa katika mablanketi na kurudishwa kazini kwa gari, polepole. Filamu ilionyeshwa mwaka 1999.

Kisa hicho kina mafundisho mawili. La kwanza, nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Kila mwezi faili chache zifunguliwe kutoka katika diski ya akiba, zitazamwe kama kweli zinafunguka. La pili, nakala iliyookoa ilikuwa nyumba nyingine. Ndiyo sababu mafundi hufuata kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila kitu cha thamani, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumba. Kwa familia ya askari, ambayo huweza kupata uhamisho wakati wowote na mizigo ikapotea njiani, hiyo ya tatu yaweza kuwekwa kwa babu na bibi, ikiwa imefungwa kwa neno la siri.

Mama wa Jumamosi, akifuata taratibu hizi, huenda akagundua kwamba kilichomsumbua ni waya tu. Hata hivyo kazi yake haitakuwa imekwisha mpaka afungue picha moja kutoka katika nakala mpya na kuiona kwa macho yake. Hapo ndipo anaweza kuzima taa akalala. Tahadhari kabla ya hatari.