Ubunifu Unaoanzia Wodini: Mfanyakazi na Uwezo wa Kuiunda Upya Kazi Yake

Mwaka 1956, siku moja ya majira ya joto katika Hospitali ya Rochford, Essex, nchini Uingereza, muuguzi aliyeitwa Sista Ward alimfunua mtoto njiti mbele ya madaktari waliokuwa wakipita wodini. Mwili wa mtoto huyo ulikuwa umepauka, isipokuwa sehemu moja yenye umbo la pembetatu iliyokuwa na rangi ya manjano iliyokolea. Daktari bingwa alidhani kwamba sehemu hiyo ilikuwa imepakwa dawa, akamwuliza muuguzi aliipaka nini na kwa sababu gani. Sista Ward alijibu, kwa wasiwasi kidogo, kwamba hakupaka kitu. Mtoto alikuwa na manjano mwili mzima. Kilichobadilika ni pale palipopigwa na jua. Ile pembetatu ilikuwa imefunikwa na ncha ya shuka.

Jua hilo lilimfikiaje mtoto njiti? Sista Ward ndiye aliyesimamia kitengo chao, na alikuwa na imani yake mwenyewe kwamba hewa safi na joto la jua la wastani vingewafaa zaidi kuliko chumba kilichofungwa na kujaa fukuto. Siku za jua aliwasukuma hadi uani, kisha akawarudisha ndani. Madaktari walimsikiliza siku ile, wakaendelea na safari yao. Wiki chache baadaye, sampuli ya damu ya mtoto mwingine mwenye manjano makali iliachwa maabara mahali penye jua, na kiwango cha bilirubini kilichopimwa kikawa pungufu mno kuliko ilivyotarajiwa. Hapo ndipo maneno ya muuguzi yalipokumbukwa. Mwaka 1958 jarida la Lancet lilichapisha ripoti kutoka hospitali hiyo kuhusu athari ya mwanga kwa manjano ya watoto wachanga, na miaka 10 baadaye Jerold Lucey na wenzake nchini Marekani wakachapisha jaribio lililoifanya tiba ya mwanga ikubalike kwa mapana. Leo taa za buluu zinazowaka katika wodi za watoto wachanga, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu, zimetokana na mlolongo huo. Watoto wengi ambao zamani wangebadilishiwa damu yote, au wangeachwa na madhara ya kudumu katika ubongo, sasa hulazwa chini ya taa kwa siku chache na kurudi nyumbani.

Kabla ya kuendelea, neno moja kwa wazazi. Habari hii si ruhusa ya kumwanika mtoto mwenye manjano barazani na kusubiri yaishe. Jua la moja kwa moja huweza kumchoma mtoto na kupandisha joto la mwili wake, na haliwezi kupimwa kama taa inavyopimwa. Utafiti uliofanywa Lagos, Nigeria, na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mwanga wa jua unaweza kutibu, lakini watoto hao walikaa chini ya vitambaa maalumu vya kuchuja miale hatari na wakafuatiliwa kwa karibu na wahudumu. Manjano yanayojitokeza ndani ya saa 24 za kwanza, yanayofika viganjani au kwenye nyayo, au yanayoambatana na mtoto kushindwa kunyonya au kulala kupita kiasi, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, weupe wa macho na fizi huonyesha mapema zaidi kuliko ngozi.

Tukirudi Rochford, jambo la kuangaliwa ni mahali ambapo ujuzi ulikuwa umekaa. Daktari alimwona mtoto kwa dakika chache kila siku. Muuguzi alimlisha, alimgeuza, alimbadilisha nepi, na alijua shuka ilikaa vipi. Hospitali yoyote ina ujuzi wa namna hii uliotawanyika mikononi mwa watu: mhudumu wa chumba cha maiti anayejua ni saa ngapi ndugu hufika kwa wingi, karani wa masijala anayejua kwa nini mafaili ya kliniki ya kisukari hupotea zaidi siku za Jumatatu, mfua nguo anayejua ni wodi ipi hurudisha shuka zikiwa na sindano ndani. Mara nyingi hakuna anayewauliza. Nao, wakisha kuzoea kutoulizwa, hunyamaza.

Watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton walilitazama jambo hili kwa upande mwingine katika makala yao ya mwaka 2001. Waliandika kuhusu namna ambavyo wafanyakazi, pasipo kubadilishwa cheo wala mkataba, huiunda upya kazi yao kwa mikono yao wenyewe. Mfano wao uliojulikana sana ulitoka kwa wasafishaji wa hospitali moja nchini Marekani. Wote walikuwa na orodha ileile ya majukumu. Baadhi yao waliielezea kazi hiyo kuwa ni kufagia na kupiga deki, basi. Wengine walijiona kuwa sehemu ya tiba: walipanga muda wa usafi ili wasimwamshe mgonjwa aliyepata usingizi alfajiri, waliwaelekeza ndugu waliopotea kwenye korido, walisema na wazee waliokuwa hawatembelewi. Hakuna aliyewaagiza kufanya hivyo.

Kwa mujibu wa watafiti hao, kazi hubadilishwa kwa njia tatu. Mtu hubadili kile anachokifanya na namna anavyokifanya; hubadili watu anaohusiana nao kazini; au hubadili maana anayoipa kazi hiyo akilini mwake. Njia hii ya tatu huelekea kudharauliwa, kana kwamba ni faraja ya maneno tu. Hata hivyo, msafishaji anayejua kwamba kitasa cha mlango ni njia ya maambukizi hukisafisha tofauti na yule anayejua tu kwamba msimamizi atapita.

Ubunifu wa mtu mmoja mmoja, hata hivyo, hufa mtu huyo anapohamishwa. Hapa ndipo mfumo unapohitajika, na Tanzania ina uzoefu wake. Mwaka 2007 Wizara ya Afya, ikishirikiana na Shirika la Maendeleo la Japani, JICA, ilianza kutumia mbinu ya 5S-KAIZEN katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, kabla ya kuieneza kwenye hospitali nyingine nchini. Mbinu hiyo ilizaliwa katika viwanda vya Japani na ilikuwa imekwisha kujaribiwa hospitalini nchini Sri Lanka. Maneno yake matano ya Kijapani yalipewa Kiswahili chenye herufi ileile ya mwanzo: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Watu wa nje huona vibandiko na mistari ya rangi sakafuni, wakadhani ni mapambo. Kiini chake kimo katika vikundi vidogo vya wafanyakazi wa kitengo kimoja, muuguzi, mteknolojia wa maabara, mhudumu na karani, wanaokaa pamoja kutafuta ni kitu gani kinawapotezea muda na kukirekebisha kwa vifaa vilivyopo.

Mfano wa kabati la dawa za dharura utafaa. Mama anatokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Mkunga anahitaji oksitosini, kanula, maji ya mishipani na mpira wa mkojo. Ikiwa vitu hivyo vimo katika kabati tatu na ufunguo mmoja uko kwa mtu aliyekwenda kula, dakika zinazopita si za kiutawala. Ni damu inayopotea. Wakunga wa zamu wakikubaliana kuweka kila kitu katika trei moja, kuandika orodha juu yake, na kuikagua katika kila makabidhiano ya zamu, wamebadili kazi yao bila kusubiri bajeti. Tena wamefanya jambo ambalo mkurugenzi aliye ofisini asingeweza kulibuni vizuri, kwa kuwa si yeye aliyekimbia kutafuta ufunguo.

Zipo pia nyakati ambapo wazo la wodini hubadili kazi ya watu wote waliomo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto njiti wengi kuliko inkubeta, na maambukizi yalienea kwa sababu watoto walilazwa kwa kubanana. Akaanza kuwaweka watoto kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, na mwenzake Héctor Martínez akaiendeleza kazi hiyo. Huduma ya kangaruu ilianza kama suluhisho la uhaba. Kwa miaka mingi ilisubiriwa mpaka mtoto awe ametengemaa. Kisha Shirika la Afya Duniani likaratibu utafiti katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambako ulihusisha Muhimbili. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na kilo 1.799 walishiriki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walifariki kwa asilimia 12.0 ndani ya siku 28, ilhali waliosubirishwa walifariki kwa asilimia 15.7.

Ili jambo hilo liwezekane, ilibidi mama alazwe ndani ya chumba cha uangalizi maalumu pamoja na mwanawe, saa zote. Muuguzi wa watoto akajikuta akimhudumia pia mzazi aliyetoka kujifungua, na mkunga akaingia katika chumba ambacho zamani hakikuwa chake. Mipaka ya kazi ilisogea. Mageuzi ya namna hiyo hayapiti bila mikwaruzano, na ni kosa kudhani kwamba anayehoji mpangilio mpya ni mvivu. Huenda ndiye aliyeona hatari ambayo wengine hawajaiona.

Kuna mipaka ambayo haifai kusogezwa kimyakimya. Kupanga upya foleni ya kliniki hakuhitaji zaidi ya makubaliano na muuguzi mfawidhi. Kubadili kipimo cha dawa, au kufanya kazi iliyo nje ya leseni, ni jambo jingine kabisa. Wazo linalogusa tiba yenyewe lapaswa kupelekwa kwa wenye dhamana, lijaribiwe kwa uangalizi, na pale linapokuwa utafiti lipate kibali cha maadili. Hata mabadiliko madogo huhitaji kuhesabiwa: wagonjwa walisubiri muda gani kabla, na wanasubiri muda gani sasa? Daftari na saa ya ukutani hutosha. Bila hesabu hiyo, kitengo huweza kusherehekea trei mpya ambayo haikumwokolea mtu dakika hata moja.

Jambo jingine husemwa kwa nadra. Wito wa ubunifu ukitolewa mahali ambapo muuguzi mmoja anabeba wodi nzima usiku, husikika kama ombi la kufanya zaidi bila malipo, na masikio yanayousikia hivyo hayana kosa. Timu inayotakiwa kuboresha kazi yapaswa kupewa saa ya kukutana ndani ya zamu, wala si baada yake. Wagonjwa nao waitwe, kwa kuwa aliyeketi kwenye benchi tangu saa kumi na mbili asubuhi anajua mambo kuhusu dirisha la usajili ambayo aliye ndani ya dirisha hayaoni. Na wazo linapofanikiwa, liandikwe pamoja na jina la aliyelitoa, hata kama ni mhudumu asiye na cheti. Ripoti ya Lancet ya mwaka 1958 ina waandishi watatu: Cremer, Perryman na Richards. Sista Ward si mmoja wao.