Je, Lori Kuukuu Laweza Kulima?

Vikundi vya huku Kisegi vimetuuliza: je, akiba inunue lori bovu, fundi wa jua kali aligeuze trekta?

Jambo hili si geni. Wakulima wa Uswidi walifanya hivyo mpaka serikali ikaweka kanuni mwaka 1940. Watu waliziita trekta hizo EPA, jina la duka la bei rahisi!

Shida si injini, ni mwendo. Gari limeundwa kukimbia. Plau yataka mwendo wa mtu atembeaye. Basi wengi walifunga giaboksi ya pili nyuma ya ile ya kwanza. Kila moja ikipunguza mzunguko mara 4, zote mbili hupunguza mara 16: mwendo hushuka, nguvu za kuvuta hupanda. Tena walipakia mawe juu ya magurudumu ya nyuma yasiteleze. Lakini udongo wetu mweusi ukilowa, hata hilo litakwama tu.

Fundi mwambieni hivi: plau ifungwe chini ya ekseli ya nyuma. Ikifungwa juu kisha inase kwenye mzizi, pua ya trekta huinuka ikampindukia dereva.

Kabla ya kumaliza kulipa, lijaribuni shambani, si barabarani. Na maksai msiwauze bado.